Mwaka Nilioshikwa Miguu

Simu ilinikuta na shoka mkononi. Nilikuwa nagawa mbavu za ng'ombe kwenye gogo, bucha imejaa watu, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Naomi, ambaye zamani alikuwa wifi yangu na ambaye hanipigii ila kuna jambo. Akaniambia mama amefariki. Sikumuuliza mama yupi. Alikuwa mama mkwe wangu wa wakati ule, mwanamke wa Momela mwenye mikono mikubwa kuliko ya wanaume wengi niliofanya nao kazi, na mimi nafanya kazi na wachinjaji. Nikasema pole wifi, nikaweka simu, nikamalizia mbavu za mteja. Mteja akasema, "Mama Bucha, leo umekata mapande makubwa makubwa." Nikamwambia kama hayataki aende kwa mwingine. Nina ulimi mbaya, na sitaki mtu asome haya akidhani nimekuwa mpole kwa sababu umri umesogea. Nina miaka arobaini na mbili. Ninachotaka kusimulia ni mwaka niliokuwa na ishirini na nne, mwaka niliopigana na kila mtu, na wengi wao walikuwa watu walionipenda.

Mimi na Eliakimu, mume wangu, tulipanga chumba kimoja Kaloleni, kwenye nyumba ya vyumba sita na bomba moja uani. Tulikigawa kwa pazia la maua ya bluu, huku kitanda, kule kochi na meza na jiko la mafuta ya taa. Ukuta wa upande wa kitanda haukufika juu, kwa hiyo jirani yetu Mama Zuhura, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa fundi wa nguo, alisikia kila kitu chetu na sisi tulisikia cherehani yake. Asubuhi tulitembea hadi Ngarenaro, Eliakimu alikokuwa na bucha. Yeye alishughulika na machinjioni, mimi nilikata na kupima. Kukata alinifundisha yeye, na nakiri alinifundisha vizuri. Kisu hakisukumwi, aliniambia, unatafuta ule utando mweupe kati ya msuli na msuli, unapita hapo hapo, nyama inaachana yenyewe. Ukiona unatumia nguvu ujue umepotea njia. Nilizipenda zile asubuhi, harufu ya mafuta na maranda ya mbao sakafuni, na Eliakimu akiimba nyimbo za kwaya huku ananoa. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura na mwepesi wa kucheka, na mtu akimkasirikia alitabasamu akasubiri mwingine aseme neno. Nilichelewa sana kuiona hiyo tabia ilivyo.

Siku ishirini na tano za mwezi nilikuwa mtu. Siku tano zilizobaki nilikuwa mnyama. Maumivu yalianza chini ya kitovu, yakashuka mapajani, yakapanda mgongoni, hadi kwenda haja kubwa ikawa kama kupitisha wembe. Nililala kifudifudi kwenye saruji kwa sababu ubaridi wake ulisaidia kidogo, nikang'ata kona ya kanga, na ole wake atakayenisemesha. Eliakimu alinisemesha. Siku moja alisimama juu yangu akasema, kwa upole kabisa, kwamba wanawake wote wanaumwa, dada yake Naomi naye anaumwa lakini anapika. Nilinyoosha mkono nikashika chupa ya chai nikamrushia. Ilimpata juu ya jicho, chai ya moto na vipande vya kioo, akashonwa nyuzi tatu. Kitandani ilikuwa vita nyingine. Aliponisogelea nilisikia kitu kikichanwa ndani kabisa, nikamsukuma kwa miguu yote miwili, akaangukia kochi, akainuka akanipiga kofi, nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu. Mama Zuhura akagonga ukuta kwa mkasi wake. Sitamsingizia Eliakimu, hakuwa mpigaji. Kofi lilikuwa moja. Meno yangu yaliingia zaidi ya mara moja.

Kila baada ya wiki mbili mama mkwe alishuka kutoka Momela na maziwa kwenye kibuyu na loshoro kwenye bakuli la bati, ule mseto wa mahindi na maziwa mgando ambao yeye aliupika kuliko mtu yeyote. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba mwanangu huku akicheka na meno yake ya kahawia, meno yaliyobadilishwa rangi na maji ya kule, kisha akanitazama tumboni kabla ya usoni. Miaka miwili ya ndoa na tumbo bado bapa. Halafu mimi nikirudi nyuma ya pazia kulala, yeye na mwanawe waliongea Kimeru. Mimi ni Mmachame. Kimeru na Kimachame ni ndugu wa tumbo moja, lakini wao walijisahau, au waliona pazia ni ukuta. Siku moja nilimsikia akisema, "Chango limemfunga huyu. Au alitoa mimba akiwa shule." Nikasubiri Eliakimu ajibu. Nilimsikia akivuta kijiko kwenye bakuli, akala, akavuta tena. Nikatoka na kanga yangu moja, nikachukua kile kibuyu, nikakipasua sakafuni. Maziwa yakaingia hadi chini ya kochi. Mama mkwe alivua kanga yake ya juu, akapiga magoti, akafuta. Eliakimu aliinua miguu yake ili mama yake afute vizuri.

Chango ni neno letu la kila kinachomuuma mwanamke chini ya kitovu. Lina mizizi yake ya kuchemsha, na mizizi ikishindwa, lina watu wake wa kukanda. Wanaojua kazi hiyo wanaamini jambo moja ambalo nimelifikiria miaka yote hii: kwamba chango likibanwa linapiga kelele kwa mdomo wa mgonjwa. Mgonjwa akilia kidogo, hujalifikia. Akipiga mayowe akasema niache, hapo umelishika, na ukimwachia umemharibia. Nilikandwa Jumamosi mchana. Nilikubali mwenyewe, liandikwe hilo pia. Nilikuwa siku ya tatu sijala, na mtu angeniambia nimeze msumari ningemeza. Mama mkwe alikuja na shangazi yake Eliakimu, wakapasha mawe kwenye jiko, wakayafunga kwenye vitambaa, wakanipaka samli. Mwanzoni joto lilikuwa tamu, nikamshukuru. Kisha akaanza kutumia kiganja, kisha kisigino cha kiganja, kisha akapanda kitandani akaweka goti. Nikasema, "Mama, niache." Shangazi akasema, "Limeanza kusema." Nikasema niache, naomba niache, nikamshika nywele zake nikavuta, kitambaa kikatoka na nywele zikatoka. Damu ikamchuruzika sikioni, wala hakuacha. Alikuwa analia, machozi yake yalinidondokea tumboni yakachanganyika na samli. Akamwita mwanawe aliyekuwa upande wa pili wa pazia. "Eliakimu, njoo mshike miguu."

Alikuja. Nilimtazama akija. Nikasema, "Eliakimu, waambie waniache," kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ninayotumia kumwambia funga mlango, ili ajue ni mimi ninayesema na si chango. Akanishika vifundo vya miguu kwa ile mikono ya kushikia ng'ombe, akageuza uso upande wa ukutani. Mama mkwe akashuka na uzito wake wote. Upande wa kushoto kitu kikapasuka. Nilikisikia kama mtu anavyosikia jino likivunjika, ndani ya kichwa. Nilitapika juu ya mkono wa shangazi, na kilichofuata nakijua kwa kusimuliwa. Mama Zuhura alipiga mlango teke, komeo likang'oka, akaingia na ule mkasi wake wa chuma akasema atakayebaki karibu na kitanda atamchoma nao. Shangazi alikimbia bila viatu. Eliakimu alikuwa bado ameshika miguu yangu. Mama Zuhura alimpiga kibao, ndipo akaachia, ndipo akanibeba hadi kwenye teksi.

Hospitali sitaitaja. Ilikuwa na wodi ndefu yenye vitanda kumi na dirisha lililoelekea mlimani, na asubuhi Meru ilikaa hapo dirishani nzima, hadi mawingu yaje saa nne. Walinipa dripu na sindano, wakanipima kwa ile mashine ya kupaka mafuta tumboni. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kunifanyia. Akaniambia uvimbe uliokuwa kwenye mfuko wangu wa mayai wa kushoto umepasuka, damu imejimwaga ndani, imesimama yenyewe na nina bahati. Akataja jina la ugonjwa, endometriosisi, akanitaka nilitaje mara mbili. Ile nyama laini ya ndani ya kizazi, inayotoka kila mwezi, kwangu imeota na nje pia, kwenye mayai, kwenye utumbo, nyuma ya kizazi. Kila mwezi nayo inavuja damu, damu haina pa kutokea, inakaa, inagandisha viungo. "Tangu lini unaumwa?" Nikasema tangu kidato cha pili. "Na walikuambia nini?" Nikasema waliniambia nitapona nikizaa. Akavua miwani akaifuta kwa koti lake. Niligeukia ukutani nikalia kwa hasira, miaka kumi ya hasira. Kumbe kitu kilikuwa na jina muda wote huo.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza. Nikasema bucha. "Basi wewe nitakueleza kama mtu anayejua nyama." Na kweli alinieleza. Akasema atatoboa matundu manne madogo, moja kitovuni la kamera, mengine ya vyuma vya kufanyia kazi, maana mashine hiyo hospitali ilikuwa imeipata siku si nyingi. Atajaza tumbo hewa ili viungo visilaliane. Ule uvimbe atautoa ganda lote, maana ukinyonya maji tu ukaacha ganda, utajaa tena. Palipogandana atapitisha mkasi kwenye utando. Nikamuuliza, "Na utando usipoonekana?" Akanitazama vizuri. "Hapo ndipo ugumu. Ukigandana sana njia inapotea. Naweza kukugusa utumbo. Naweza kulazimika kukufungua tumbo lote. Naweza kushindwa kuuokoa huo mfuko wa mayai." Nikamuuliza kama si afadhali atoe kizazi chote tumalizane. Akasema hiyo si ya kuanza nayo kwa msichana wa miaka yangu, na hata kikitoka, nyama iliyoota nje isipoondolewa itaendelea kuuma. Nikauliza kama nitapona. Akasema wengi wanapata nafuu kubwa, na wengine unawarudia baada ya miaka. Nikauliza kuhusu mtoto. "Siwezi kukuahidi," akasema. "Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya." Nilimpenda papo hapo.

Akanipangia siku ya kumi. Ndipo ikaja fomu. Muuguzi aliipeleka moja kwa moja kwa Eliakimu, kama vile tumbo ni shamba lake, na Eliakimu akaomba kwenda nayo nyumbani. Alirudi nayo kesho yake saa za kuona wagonjwa, amekwenda hadi Momela na kurudi, kiatu kina vumbi la kule. Chini ya karatasi kulikuwa na mstari umeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake ninaoujua wa kwenye ubao wa bei: kizazi na mayai visiguswe, la sivyo familia haikubali upasuaji. "Familia gani?" nikamuuliza. Akatabasamu lile tabasamu lake. "Ndeshi, mama anasema ukitolewa hivyo utakuwa umebaki nini?" Nilishuka kitandani na dripu yangu. Nilimpiga kwa chuma cha dripu begani, kikampata na ukutani kikapata, chupa ikaanguka, wagonjwa wakajifunika mashuka. Akanishika mikono. Nikamwambia, "Shika na miguu basi, umalize." Akaniachia haraka kama amegusa jiko. Daktari alikuja kwa kusikia makelele, akaokota fomu sakafuni, akausoma ule mstari, akaichana, akaleta nyingine. "Una miaka mingapi?" Ishirini na nne. "Unajua kusoma?" Najua. "Basi soma, uliza, saini mwenyewe. Tumbo ni lako." Nilisoma kila neno, damu ya sindano ikidondokea kwenye karatasi. Nikasaini. Hiyo ndiyo saini ya kwanza niliyowahi kuweka kwa ajili yangu mwenyewe, maana hata cheti cha ndoa nilikisaini wazee wamenisimamia mbele.

Siku moja kabla ya upasuaji nilikuwa nanyweshwa dawa ya kusafisha utumbo, sili kitu, nakunywa maji na kukimbilia choo, nipo mwepesi na nina kisirani. Asubuhi hiyo mama mkwe akaingia wodini. Alikuwa amefunga kitambaa kipya, na chini yake pale sikioni nikaona plasta. Alikuwa ameshika kitu ndani ya gazeti. Akafungua, likatoka isale, kichwa cha majani mabichi pamoja na shina lake, jani moja limefungwa fundo. Kwa mtu asiyetoka milimani kwetu nieleze tu kwamba kwao Meru na kwetu Machame mmea huo unasema lugha moja. Aliyekukosea akikuletea isale, ugomvi umekwisha. Hata kama alikuulia ndugu, unapokea. Mtu hakatai isale. Mzee yule, mama wa mume wangu, alisimama mbele ya kitanda changu, akainama, akanyoosha mikono yote miwili. Mwanamke wa kitanda cha pili, Mchaga wa Rombo, akaacha kunywa uji wake akasubiri.

Nikamuuliza, "Mama, hili ni la nini?" Akabaki ameinama. Nikasema, "Sema mlichonifanya. Sema kwa mdomo." Akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto, "Isale haliulizwi, mwanangu." Na ni kweli, haliulizwi, ndiyo maana ya isale, linakuokoa wewe na yeye msiseme. Lakini mimi nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimesema niache kwa Kiswahili, kwa Kimachame, kwa sauti ya juu na ya chini, na kila nilichosema kiliitwa chango. Nikalichukua lile isale, uso wake ukaanza kupata nafuu, nikalivunja katikati juu ya goti langu, nikalitupa sakafuni. Yule wa Rombo alijifunika uso. Mama mkwe akapiga magoti kama alivyopiga kwenye maziwa. Akaokota vipande viwili, akavifunga kwenye gazeti lake, akaondoka akitembea karibu na ukuta. Nilijua nimefanya jambo ambalo babu zangu wasingelala nalo nyumba moja.

Upasuaji wenyewe sina la kuusimulia, maana nililala. Daktari wa usingizi aliniambia nihesabu, nikafika nne. Nakumbuka kuamka. Niliamka nikiwa nimemshika muuguzi shingo, nadhani bado naota nakandwa, wakanifungua vidole kimoja kimoja. Kulikuwa na mpira wa mkojo, mpira mwingine ubavuni wa kutolea damu, koo limekauka. Tumbo liliuma, lakini kilichonitoa machozi ni bega la kulia, kama mtu amenichapa rungu. Daktari alikuwa ameniambia itakuwa hivyo, ile hewa wanayojaza hupanda ikakaa huko juu, na kwa kuwa nilijua, niliuma meno nikasubiri. Ajabu ilikuwa hiyo. Maumivu niliyoambiwa mapema niliweza kuishi nayo. Jioni akaja, akakaa kwenye kiti. Akasema alikuwa ndani yangu kwa muda wa saa tatu na nusu. Ganda lote limetoka. Utumbo ulikuwa umenata nyuma ya kizazi, amepita pole pole, njia ilionekana. Mfuko wa kushoto hakuuweza, ulishakufa kwa kule kupasuka. "Wa kulia upo," akasema. "Mzima." Nikamuuliza, "Usingepasuka?" Akainuka kutaka kuondoka. Nikamng'ang'ania. "Ungekuwepo," akasema.

Nilibaki na hilo neno wodini siku tatu. Mama Zuhura aliniletea mtori, supu ya ndizi ya kwetu, kwenye hotpoti, alijifunza kuupika kwangu na akauharibu, ameweka iliki kama pilau, nikamwambia ninaumwa asinichekeshe maana nyuzi zinavuta, akacheka yeye kwa niaba yangu. Siku ya pili walinisimamisha nitembee hadi mlangoni na kurudi. Siku ya tatu nikatoka. Wiki sita nisibebe kitu, daktari alisema, na akanitazama juu ya miwani: "Hakuna paja la ng'ombe, umenielewa?" Akanipa na vidonge vya kuzuia siku zangu zisije kwa miezi kadhaa. Zilipokuja tena, nilikaa sakafuni mapema, nimeshika kanga yangu tayari kuing'ata. Nikangoja. Yakaja maumivu ya kawaida, ya kunyoosha mgongo na kuendelea na kazi. Nilikaa pale kwenye saruji nikaanza kupiga ngumi sakafu, nikalia hadi Mama Zuhura akaja kuuliza kama yameanza tena. Nikamwambia hapana, kumbe hivi ndivyo wengine mlivyokuwa mkiishi.

Tangu nitoke hospitali nilikuwa nalala kwa Mama Zuhura. Eliakimu alikuja wiki ya sita ikiisha, amevaa shati la kanisani, kunichukua. Nilimuuliza swali moja. "Uliniangalia nikikuambia waniache. Ulisikia nani anaongea?" Akatabasamu, akasubiri. Mama Zuhura akaendesha cherehani yake kwa nguvu asionekane anasikiliza. Mwishowe Eliakimu akasema, "Nilifanya alichosema mama." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilipata kazi kwenye bucha nyingine, na baada ya miaka nikawa na yangu. Mtoto sikupata. Ugonjwa ulikaa kimya miaka tisa, ukarudi, nikafanyiwa tena, na safari ile nilisaini bila mtu kunishikia karatasi. Eliakimu alioa, ana watoto watatu, na tukikutana sokoni ananisalimia vizuri.

Kwa hiyo nilikwenda Momela kumzika mama. Nilipanda na gari langu la nyama, nimeliosha, nikapita Ngarenanyuki na mashamba ya nyanya, mlima uko wazi mwanzo mwisho. Sikujua nakwenda kufanya nini. Miaka kumi na minane nilikuwa nimekasirika na kuona aibu kwa pamoja, nimekataa isale, na sikujua nizike lipi. Tuliimba, tukazika, nikatupa udongo kama wote. Wakati watu wanakula, Naomi akanishika mkono akanizungusha hadi mlango wa nyumba ya mama yake. Kando ya ngazi palikuwa na kichaka cha isale kirefu kuliko sisi, kimefyekewa vizuri, kimewekewa mawe. Masale ya wengine yapo mipakani na makaburini. Hili lilikuwa mlangoni, peke yake. "Aliotesha kile kipande ulichovunja," Naomi akasema. "Hakutaka mtu akate hata jani. Tukimuuliza anasema, hilo ni la Ndeshi. Nilimkanda anasema niache, sikumwacha." Nikamuuliza, "Alisema hivyo?" Akasema, "Maneno hayo hayo. Kila mtu hapa anayajua."

Nilisubiri maneno hayo miaka yote hadi nikadhani hayasemeki, na yule mzee alikuwa anayasema mlangoni kwake kila akiulizwa, na mimi niko Ngarenaro nakata mifupa. Nikachukua kisu kwenye mkoba wangu, maana natembea nacho, nikakata kichwa kimoja chenye shina, nikafunga fundo jani moja, nikarudi kaburini. Nikaliweka juu ya udongo mbichi. Sikunyamaza, nilisema kwa sauti, "Mama, nilikuvunjia isale. Nisamehe. Na lako nimelipokea." Watu waliacha kula. Nililia mbele yao wote.

Nilipogeuka, Eliakimu alikuwa nyuma yangu. Nywele zimekuwa nyeupe, shati la kanisani, na mkononi amechuma jani la isale pale pale mlangoni, kwa kuwa mimi nilishakikata kichaka. Akalinyoosha kwangu kwa mikono yote miwili. Kila mtu alitutazama. Nilimngoja aseme. Nilimngoja muda mrefu, nadhani muda wa wimbo mzima wa kwaya, kwa sababu kwa kweli nilitaka kulipokea, nilikuwa nimechoka. "Sema," nikamwambia. Akawatazama wageni, akatazama chini, akatabasamu.

"Ndeshi, si unajua mwenyewe."

Nikapangusa kisu changu, nikakirudisha kwenye mkoba. Jani lilikuwa bado mikononi mwake.

"Basi shika," nikamwambia. "Kushika unajua." Nikaenda kumuaga Naomi.